Shangazi, nimechoka kuambiwa nivumilie

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 34, mama wa watoto watatu, naishi Busia upande wa Uganda. Baba alikuwa askari, nikalelewa katika kambi ya jeshi kule Jinja, kwa hiyo Kiswahili ndicho nilichochezea na kugombana nacho utotoni. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akiwashonea wake za maofisa gomesi, ile nguo ndefu ya heshima ya wanawake wa Uganda. Cherehani yake, Singer nyeusi ya kukanyaga, ndiyo ninayoitumia mpaka leo.

Sikuanza maisha na ushonaji. Nilikuwa mwalimu katika shule ya msingi ya binafsi. Machi 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya korona, na mshahara ukafungwa nazo. Tulidhani ni mwezi mmoja au miwili. Zikaja kufunguliwa kikamilifu Januari 2022. Hapo katikati niliitoa cherehani ya mama nyuma ya mlango, nikaitia mafuta, nikaanza kushona barakoa za kitenge. Halafu foronya, halafu magauni ya watoto. Na shule zilipofunguliwa, Shangazi, watoto walikuwa wamerefuka kwa miaka miwili! Hakuna sare ya zamani iliyomtosha mtu. Nilishona usiku na mchana, nikakodi chumba karibu na soko la Sofia, nikamwambia mume wangu kwamba darasani sirudi.

Nadhani ule mwanzo mzuri ulinidanganya, maana tangu hapo mambo yamekuwa yakishuka.

Kwanza, binti niliyemfundisha kazi kuanzia kushika mkasi ameondoka, akafungua chumba ng'ambo ya barabara, na anatoza shilingi 2,000 chini ya bei yangu. Alikaa kwangu miaka miwili. Sikuwa na uwezo wa kumlipa lakini chakula cha mchana nilimpa kila siku, na nauli alipohitaji. Leo tukikutana anageuza uso.

Pili, mivumba, yaani nguo za mitumba. Jirani yangu wa ukutani anauza gauni la mivumba kwa 5,000, zuri, lina lebo ya Ulaya. Mteja akija kwangu nikimwambia gauni jipya ni 35,000 ananitazama kama mwizi. Wanachoniletea mimi ni hizo hizo mivumba niwapunguzie kiuno, nikate urefu, nibadilishe zipu. Siku za soko wanafika hata kumi, 2,500 kila mmoja. Hizo hata sizihesabu, ni pesa za sabuni na mkate.

Tatu, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Januari mwaka huu nilipata oda ya magauni 60 ya sare kutoka shule moja ya binafsi, 22,000 kila gauni. Nilifurahi nikapiga vigelegele dukani peke yangu. Hesabu niliiweka vizuri: kitambaa 13,000, uzi, vifungo na zipu 2,000, ovaloku kwa jirani 1,500, nembo ya shule 1,500. Nabakiwa na 4,000 kila gauni. Pesa ya kununulia kitambaa sikuwa nayo, nikakopa milioni moja kwa mkopeshaji wa hapa mjini, riba asilimia 10 kwa mwezi, akachukua na ndagamuntu yangu, kitambulisho cha taifa, akaifungia kwenye droo yake. Nikaenda Kampala, kwenye maduka ya vitambaa ya Kiyembe, nikarudi na majora ya kitambaa. Gauni moja linanichukua saa mbili na nusu mpaka tatu, kwa hiyo unaweza kufikiri nililala saa ngapi. Nilimaliza kabla muhula haujaanza. Mwenye shule akanilipa 400,000, akasema iliyobaki nitapata wazazi wakimaliza ada. Kila nikienda, wazazi hawajamaliza. Nimelipa riba mara saba sasa, na milioni yenyewe iko palepale.

Shemeji yangu amepata wakala anayepeleka wanawake Uarabuni kufanya kazi za ndani, anasema nikaze moyo miaka miwili nirudi na mtaji. Mume wangu hasemi ndiyo wala hapana.

Shangazi, kila ninayemweleza ananiambia nivumilie. Subira huvuta heri. Kila tajiri alianzia chini. Niko kwenye kundi la WhatsApp la wanawake wafanyabiashara, kila asubuhi kuna mtu anatuma picha ya jua linachomoza na maneno ya kutia moyo. Nimechoka na hilo jua. Lakini pia nikikuambia nimekata tamaa nitakuwa nadanganya. Kila jioni kabla sijafunga bado napanga nyuzi zangu ukutani kwa rangi, nyeupe mwanzo, nyeusi mwisho, kama mama alivyokuwa akifanya. Mtu aliyekata tamaa hapangi nyuzi, au ndiyo anapanga?

Gomesi pia naweza, mama alinifundisha, ila watu hapa wananijua kama fundi wa sare. Mwaka huu nimeshona nne tu, 50,000 ufundi, kitambaa wanakuja nacho wenyewe.

Nivumilie au niache? Nijibu ukweli, usinitumie jua.

Fundi wa Sofia, Busia

*

Marahaba, mwanangu Fundi wa Sofia.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na kalamu mkononi. Swali lako la nivumilie au niache naliweka kando kidogo, kwa sababu kuna hesabu uliyoiandika mwenyewe na hukuitazama.

Magauni 60, kila moja linakuachia 4,000. Hiyo ni 240,000. Hapo sijatoa nauli ya Kampala, wala ya kurudi na mzigo, wala kodi ya chumba mwezi ule, wala saa zako za usiku. Tuseme 240,000 kamili, tukufurahishe. Riba ya milioni moja kwa asilimia 10 ni 100,000 kila mwezi, na umelipa mara saba. Hiyo ni 700,000. Kazi iliyokuwa ikupe 240,000 imeshakutoa 700,000, na milioni yenyewe, kama ulivyosema, iko palepale.

Hata kama mwenye shule angekuwa muungwana akakulipa ndani ya miezi miwili, ungebakiwa na 40,000 kwa magauni 60. Gawanya. Haifiki hata 700 kwa gauni. Wauza rolex wa stendi wangekucheka, maana chapati na mayai yao yanawapa zaidi kwa dakika tano.

Halafu weka namba nyingine mbili pamoja. Shule inadaiwa 920,000, yaani 1,320,000 ya magauni yote ukitoa 400,000 iliyolipa. Wewe unadaiwa milioni. Zinakaribia kulingana, na si kwa bahati. Shule ilikuwa inahitaji mkopo wa kuwavalisha watoto wake, na mkopo huo ukachukua wewe, kwa jina lako na kitambulisho chako. Wao wanakaa na pesa bila kulipa riba hata senti, na riba yao unailipa wewe kila mwezi kwa kupunguza viuno vya mivumba. Watu waliokuambia subira huvuta heri hawakusema uongo. Ila subira ya pesa ya kukopa huvuta riba kwanza, na heri ikifika inakuta nyumba haina kitu.

Kwa hiyo usiniulize kama uendelee kuvumilia. Umevumilia vizuri sana, mpaka umemvumilia na mwenye shule.

Tuanze na hiyo 920,000. Acha kwenda shuleni kwake kuuliza. Kila ukienda unaondoka na maneno, na maneno hayana tarehe. Mwandikie barua: magauni mangapi, ulipeleka lini, bei gani, amelipa kiasi gani, amebakiza kiasi gani, na unampa siku 14 alipe. Nakala moja baki nayo, na ya kwake aliyeipokea atie sahihi. Ikiwa una karatasi yoyote ya oda, ujumbe wa simu, au picha ya magauni siku ulipoyapeleka, kusanya vyote. Siku 14 zikipita kimya, nenda mahakama ya hakimu iliyo karibu nawe uulizie utaratibu wa madai madogo. Kwa kanuni za 2011, deni lisilozidi shilingi milioni 10 linaweza kusikilizwa kwa njia hiyo bila wakili. Unajieleza mwenyewe kwa lugha nyepesi. Deni lako ni chini ya milioni moja. Ni kesi ya aina hiyohiyo utaratibu ule ulitengenezewa. Na mara nyingi, mwanangu, mdaiwa akishaona barua yenye tarehe na neno mahakama ndani yake, wazazi humaliza ada ghafla.

Utaniambia, "Shangazi, nikimpeleka mbele hatanipa oda tena." Ndiyo hiyo sababu ya kumpeleka.

Sasa ndagamuntu. Sheria ya 2016 inayosimamia taasisi ndogo za fedha na wakopeshaji inamkataza mkopeshaji kushika kitambulisho cha taifa kuwa dhamana. Pasipoti vilevile, na kadi ya benki pamoja na namba yake ya siri. Pia inamtaka awe na leseni. Nenda na mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa wenu, taratibu, bila matusi, mwambie umekuja kuchukua kitambulisho chako na kwamba deni unalitambua na utalilipa. Vitu viwili tofauti. Watu wengi wanaogopa kwa sababu wanadhani wakidai kitambulisho wanakana deni. Wewe usikane. Omba tu mkataba wenu uandikwe upya, malipo ya kila mwezi yaanze kula ile milioni yenyewe, hata kama ni kidogo. Ulivyokuwa unalipa mpaka sasa ni kama kukodi deni. Pesa ya shule ikiingia yote iende kwake siku hiyohiyo. Usinunue kitambaa. Usilipe hata kodi kwanza. Iende kwake.

Na usikope kwa mwingine wa mtaani ili kumlipa huyu. Ikiwa lazima mkopo uwepo, ulizia SACCO, chama cha akiba na mikopo, ya mafundi cherehani chini ya mpango wa serikali wa Emyooga, ule ulioanzishwa 2019. Mafundi wamewekewa kundi lao kule. Au kikundi cha nigiina cha wanawake wenzako sokoni, mnaozungushiana pesa. Haya nayataja upesi tu, kwa sababu sidhani ugonjwa wako ni ukosefu wa mkopo. Nadhani ni kinyume chake.

Tazama tena barua yako. Kuna kazi za aina tatu ndani yake, na umezipanga kwa heshima. Sare za shule umezipa aya nzima. Gomesi umezitia mwishoni kama mtu aliyekumbuka kitu mlangoni. Kupunguza mivumba umesema ni pesa za sabuni.

Mimi nazipanga hivi. Siku ya soko unapata watu kumi wa kupunguza, 2,500 kila mmoja. Ni 25,000, na kilichotoka mfukoni mwako ni uzi na labda zipu mbili. Ili ubakiwe na 25,000 kwa sare unahitaji kushona magauni zaidi ya sita, na kila gauni umesema saa mbili na nusu mpaka tatu. Hesabu hizo saa. Ni siku mbili za kazi, na kiuno kimeshakamaa. Gomesi moja inakupa 50,000 za ufundi, sawa na magauni 12 na nusu ya sare, na jora hukununua wewe. Hiyo unayoiita kazi ya sabuni ndiyo imekuwa ikilipa riba ya kazi unayoiita kubwa.

Unaona kinachozifananisha hizo mbili? Kitambaa ni cha mteja. Pesa yako haiingii ndani ya nguo ya mtu mwingine. Wewe unauza mkono na jicho, na hivyo umerithi bure kwa mama yako. Siku ulipoanza kuuza kitambaa cha Kiyembe uligeuka mfanyabiashara wa jumla asiye na mtaji, na hiyo ni kazi nyingine kabisa. Wenye maduka pale Kiyembe wanaifanya kwa majora mia, si manne.

Kuhusu jirani yako wa mivumba, acha kumchukia. Natamka hivyo kwa upendeleo, nakiri, kwa sababu mimi mwenyewe nimeishi kwa kuuza mivumba miaka mingi. Kila baada ya muda kunakuja habari kwamba zitapigwa marufuku na mafundi wanashangilia. Viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana 2016 kuziondoa hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuondoa AGOA, nafuu ya ushuru kwa bidhaa za Afrika zinazoingia kwake, wengine wakalegea, Rwanda ikashikilia, na 2018 nguo za Rwanda zikatolewa kwenye nafuu hiyo. Agosti 2023 Rais Museveni akatangaza akiwa Mbale kwamba amezipiga vita. Na jirani yako bado yuko ukutani kwako anauza gauni kwa 5,000. Ukipanga biashara yako kwa kungoja aondolewe, utangoja ukiwa na mvi.

Mpe faida badala ya chuki. Gauni la Ulaya lilishonwa kwa mwili wa Ulaya. Linabana nyonga za Busia na linapwaya kifuani. Kila gauni analouza ni mteja wako anayetembea hatua tano. Mwambie atundike kibao kidogo: ukinunua hapa, fundi anarekebisha hapo ukisubiri. Mpe 300 kwa kila anayekuletea. Ongeza na bei, 2,500 ni ndogo kwa kubadilisha zipu. Kiuno na pindo acha zilivyo, zipu iwe 4,000. Na zile siku za soko weka sare pembeni kabisa, kaa na mkasi na chaki tu.

Gomesi ndiyo ningependa kukaa nayo zaidi, kwa sababu hapo nimeona aibu fulani isiyo na maana. Nguo ile wanaihesabu asili ya fundi Mgoa aitwaye Gomes, zamani za mwanzo wa karne iliyopita, na wasichana wa shule ya Gayaza wanatajwa katika hadithi hiyo. Mpaka leo hakuna kwanjula ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, hakuna mazishi ya mtu mzima, hakuna harusi ya heshima katika nusu ya nchi hii isiyokuwa na gomesi. Na mivumba haiwezi kuigusa! Hakuna robota la kutoka Ulaya lenye gomesi ndani. Mwanamke akitaka mabega yasimame ile ncha inavyotakiwa, vifungo viwili vikae upande wa kushoto bila kuvuta, kikoyi cha ndani kishikilie bila kufanya nundu, na mkanda ulale juu ya nyonga, lazima amtafute mtu. Mafundi vijana wengi wanaikimbia kwa sababu ni mita nyingi za kitambaa kinachoteleza, na ukikosea mkasi kwenye hariri ya mtu umekwisha. Wewe ulikaa chini ya meza ya mama yako ukiokota vipande. Unajua.

Shona moja, yako, kwa kitambaa cha bei nafuu chenye rangi inayoonekana mbali. Ivae kwenye msiba ujao na kwenye kwanjula ijayo. Nyingine ndogo ya mtoto itundike mlangoni mwa duka. Ukimshonea mtu, mpigie simu usiku wa kuamkia sherehe umuulize kama mkanda umekaa. Hakuna tangazo linaloshinda hilo. Wanawake watano katika meza moja ya kwanjula wakijua jina lako, sare utazishona kwa kutaka.

Sare sijakuambia uziache kabisa. Muhula wa kwanza huanza Februari, kwa hiyo kuanzia Novemba watu wanauliza. Lakini mwenye shule asiwe mlango wako. Pokea wazazi, mmoja mmoja, na kila mmoja atoe 15,000 kabla hujagusa mkasi. Hiyo 15,000 ndiyo kitambaa chake pamoja na uzi, vifungo na zipu, kama ulivyoviandika mwenyewe. Inayobaki anatoa akija kuchukua, na gauni halitoki dukani bila hiyo. Atakayekasirika mwache akasirike. Bora mzazi mmoja aliyenuna kuliko shule nzima iliyonyamaza.

Kwa habari ya yule binti, hapo nitakugombeza. Umeandika kwamba alikaa miaka miwili kwa chakula cha mchana, halafu ukaandika kwamba amekugeuzia uso. Mwanangu, miaka miwili! Mwaka wa pili alikuwa anajua kazi, magauni aliyoshona uliyauza, na pesa yake ilikuwa sahani ya posho na maharage. Hakukuibia wateja, alichukua mshahara wake uliochelewa. Mwingine ukimpata, mlipe kwa kipande, hata 1,000 kwa gauni, tangu siku anaposhona mshono wa kwanza unaouzika. Na huyu wa ng'ambo ya barabara, siku moja vuka umsalimie. Mtakuja kuhitajiana, hasa Desemba oda zikizidi.

Uarabuni tutazungumza siku nyingine ikibidi. Kwa leo nasema hivi tu: kuna wanaokwenda wakarudi na kiwanja, na kuna wanaokwenda wakarudi na makovu. Anayetaka kwenda aende kwa mpango wake, kupitia kampuni yenye kibali cha serikali. Deni la milioni moja ambalo mwenye shule anaweza kulimaliza kwa hundi moja si sababu ya kuwaacha watoto watatu miaka miwili. Mwambie shemeji asante, na mumeo muonyeshe hesabu ya hapo juu. Wanaume wengi hunyamaza kwa sababu hawajaonyeshwa namba, wanaonyeshwa machozi.

Nikuambie jambo langu moja, halafu nikuachie. Februari 2009 nilikuwa na kibanda Owino, au St. Balikuddembe kama linavyoandikwa vitabuni. Usiku mmoja moto ukala sehemu kubwa ya soko, na mivumba yangu yote ikiwemo. Asubuhi nilisimama kwenye majivu na wenzangu, na nilisikia yale yale unayoyasikia wewe, Mungu atakupa kingine, usikate tamaa. Walikuwa wananipenda, sikatai. Lakini kilichonirudisha kilikuwa daftari la kurasa 48 nililokuwa nimeliacha nyumbani, ndani ya mkoba, lenye majina ya watu 11 waliochukua nguo kwa mkopo. Nilizunguka wiki nzima kwa miguu. Tisa walilipa. Nikanunua nusu robota tukagawana na rafiki, nikatandaza turubai chini. Matumaini yangu siku hizo yalikuwa na majina na namba za simu.

Kwa hiyo umeniuliza kama mtu aliyekata tamaa hupanga nyuzi. Hapangi. Nilipofika kwenye mstari ule niliweka kalamu chini nikacheka peke yangu, kwa sababu nilimwona mama yako. Endelea kuzipanga. Lakini kabla hujaigusa nyeupe, fungua daftari, andika siku hiyo wamekuja wangapi wa kupunguza, gomesi ngapi zimeulizwa hata kama hazikushonwa, na pesa ngapi zimetoka. Mistari mitatu. Ukifika Desemba utaniandikia tena, na safari hiyo utakuwa unaniambia wewe kama duka liendelee au lifungwe, maana utakuwa unaliona.

Barua ya mwenye shule iandike usiku wa leo. Kesho asubuhi ipeleke, halafu mpitie mwenyekiti wa LC1 kabla hujafungua duka, mkachukue hiyo ndagamuntu.

Shangazi